Washenga Mia na Kumi na Tatu

Sehemu ya tisa

Tulipoishia, Sikuzani alikuwa jikoni kwao Msimbu, jicho kalibandika kwenye upenyo wa mlango, na uani pikipiki zilikuwa bado zinaingia.

Alikuwa anamsubiri mshenga mmoja. Mmoja tu, wa Zaidi.

Waliokwisha kuvua viatu na kukaa mkekani walikuwa sitini na wawili.

"Shangazi," alisema bila kutoa jicho, "njoo uone."

Shangazi Hajra aliacha kukuna nazi, akachungulia. Akarudi kwenye mbuzi yake taratibu, akakaa, akaanza kukuna tena kwa kasi.

"Sasa unafanya nini, shangazi?"

"Naongeza nazi."

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa bahati, mambo yako hivi. Sikuzani, binti wa Mzee Kitwana, alimaliza darasa la saba akaenda Kibaha kufagia ofisi ya kuunganisha wachumba. Akaishia mbele ya kompyuta, kwa sababu ndiye peke yake pale ofisini asiyeipiga makofi ikichelewa. Hapo ndipo Zaidi wa Chole, mfuga nyuki, alipokuja kujaza fomu ya kutafuta mke. Wakapendana, fomu ikiwa katikati yao.

Lakini binti wa Kisarawe hamtajii baba yake jina la mwanamume. Haifanywi. Baba ataje masharti, mshenga aje, barua ifunguliwe, binti ajifanye kashtuka.

Basi Shangazi Hajra akamzunguka kaka yake wiki mbili. Mzee Kitwana alitaka mkwe wa Mzenga, kwa wajomba zake. Shangazi akachomeka, "Au Chole, kaka. Chole nako kuna watu." Mzee akaitikia. Shangazi akachomeka kwamba awe anafuga nyuki. Mzee akaitikia. Akachomeka asiwe na mke. Mzee akakohoa kidogo, akaitikia.

Mtu wa masharti hayo, ofisi nzima, Sikuzani alikuwa tayari kuapa, ni Zaidi peke yake.

Shangazi akayapeleka masharti Kibaha. Sikuzani akayaandika kwenye mashine kwa mkono wake, imtafute mwenye kuyatimiza na kumwalika alete mshenga Jumamosi, kabla ya adhana ya adhuhuri. Na Mzee Kitwana akaapa mbele ya majirani: barua ya kwanza itakayotimiza yote, ameipokea, harudi nyuma.

Jumamosi ndiyo hii. Na uani wamefika tisini na wanane.

Mlango wa jikoni ukasukumwa. Ni Mzee Kitwana, kanzu nyeupe, meno yote nje.

"Mama Sikuzani! Vikombe!"

"Vipo kumi na viwili," alijibu mama yake Sikuzani kutoka kwenye moshi.

"Wapokezane! Binti yangu, kumbe tulikuwa tunakaa na dhahabu humu ndani tunaituma dukani!"

"Baba," Sikuzani alisema, "hawa wote umewaita wewe?"

"Ofisi imewaita. Wametimiza masharti."

"Wote?"

"Mashine haisemi uongo."

Akatoka. Sikuzani akajitanda khanga, akapita mlango wa nyuma, akaenda kusimama nyuma ya choo, penye mipapai. Akampigia Mudathir, fundi wa kompyuta wa ofisini, kijana aliyemfundisha namna ya kuiuliza mashine maswali.

"Mudathir, ule ujumbe wa Msimbu ulikwenda kwa watu wangapi?"

"Ngoja nicheki." Vidole vikasikika. "Mia na kumi na tatu. Aisee dada Siku, kwani mzee anaajiri?"

"Acha masihara. Nisomee nilichoandika. Neno kwa neno."

"Kata ni Mzenga, OR kata ni Chole, AND anafuga nyuki, AND mke hapana."

"Si ndivyo alivyosema baba?"

"Ndivyo. Mabano yako wapi?"

Sikuzani akashika mti wa papai usije ukamwangukia, ingawa mti ulikuwa umetulia.

Alifundishwa. Alifundishwa na akarudia mara tatu kwenye daftari: OR ni au, AND ni na, na mashine hufunga kwanza vyote vilivyoshikwa na AND, ndipo huiangalia OR. Ukitaka Mzenga na Chole viwe mzigo mmoja, unavifunga na mabano kama kuni za kichwani. Usipofunga, mzigo unakatikia pale mashine inapotaka.

"Kwa hiyo nyuki na mke nimewafungia watu wa Chole peke yao," alisema polepole.

"Peke yao. Wa Mzenga umewaita kama walivyo. Mwenye nyuki, mwenye nzi, mwenye wake watatu. Sharti lao lilikuwa moja, wawe wa Mzenga, na naona wamelitimiza vizuri sana."

"Na Chole wametoka wangapi?"

"Sufuri."

"Soma tena."

"Sufuri, dada Siku. Chole hakuitwa mtu."

Hakuitwa mtu! Zaidi hajui kitu. Zaidi yuko huko anafukiza moshi kwenye mizinga yake, na huku Mzenga nzima imekaa kwenye mkeka wa baba yake!

Kabla hajafungua mdomo, uani kukalipuka vicheko.

Sikuzani akachungulia kwenye kona ya choo. Katikati ya washenga alikuwa amesimama mwanamke mmoja mnene, buibui limepandishwa hadi kwenye viwiko, simu mkononi.

"Mwanahalima, wa Mzenga," alijitambulisha. "Mimi ni mshenga."

"Karibu, mama," alisema Mzee Kitwana, ameduwaa kidogo. "Unamposea nani?"

"Mume wangu."

Washenga wote wakageuka.

"Ujumbe umeingia kwenye simu yake Alhamisi, tunakula. Ndugu fulani, umetimiza masharti. Nikamuuliza, masharti gani hayo uliyotimiza na mimi nipo? Hana jibu. Basi nikasema hapana, barua niandikie nikupelekee mwenyewe, nimwone huyo anayekuita." Akatoa barua, imefungwa kwenye kitambaa cheupe vizuri kabisa. "Hii hapa. Yeye yuko nje ya ua, nimemfungia kofia kwenye pikipiki asikimbie."

"Mama, mimi sharti langu ni asiye na mke."

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Nimekuletea na mke umwone."

Mzee Kitwana akapangusa jasho. Mshenga aliyekwisha kukaa mkekani hafukuzwi Kisarawe, lazima asikilizwe, hata akija kuposa mbuzi. Bi. Mwanahalima akakaa. Tena akakaa mbele.

Ndipo mzee alipoanza kunusa kwamba kuna jambo. Akasimama, akauliza kwa sauti, "Jamani! Hapa nani anafuga nyuki? Anyooshe mkono!"

Mikono mia na kumi na miwili ilibaki mapajani.

Sikuzani, nyuma ya choo, akashusha pumzi. Hamna mwenye nyuki. Basi hamna barua itakayopokelewa. Kuna nafasi bado!

"Mimi hapa!"

Pumzi ikarudi juu.

Aliyeita alikuwa anaingia getini na mzinga mabegani. Kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekewa upande mmoja. Mbele yake ametangulia kaka yake na barua. Kaka ndiye mshenga. Yeye mwenyewe, Mashaka, hakupaswa kuwepo, mwenye kuposa haji kwenye posa yake, lakini alieleza kwamba hakuja kuposa, amekuja kubeba ushahidi wa sharti la nyuki alilolisikia kwa majirani.

"Kata?" aliuliza Mzee Kitwana.

"Mzenga."

"Mke?"

"Sina, mzee. Si kwa kutotaka."

"Nyuki?"

Mashaka akautua mzinga mkekani kwa heshima. Rangi yake ya kijani ilikuwa imemwachia alama shingoni.

Mzee akaugonga. Kimya. Akatega sikio. Kimya.

"Nyuki wako wapi?"

"Wametoka, mzee. Wako kazini."

"Hata rangi haijakauka!" alipaza Bi. Mwanahalima. "Nyuki gani atakanyaga humo? Agande kama chapati kwenye sufuria?"

"Sharti lilisema kufuga nyuki," alijibu kaka mtu. "Halikusema tangu lini. Na nyumbani kwa mzee tumekuja kuposa, hatukuja kukaguliwa rangi."

Washenga wakagawanyika. Wengine wakasema mzinga ni mzinga. Wengine wakasema mzinga bila nyuki ni stuli. Mzee Kitwana akainua mkono. Alikuwa ameapa mbele ya majirani, na majirani walikuwa wamejaa hapo mpaka juu ya ukuta.

"Nimesikia," alisema. "Sikilizeni. Nyuki mmoja si ufugaji, huyo ni mpita njia. Nyuki wawili ni ufugaji. Mashaka, ukiingiza nyuki wawili humo kabla ya adhana, umetimiza masharti yangu na barua yako nimeipokea. Nimemaliza."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mashaka hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akachukua kikombe cha chai kilichobaki sukari chini, akachukua kisahani cha kufunikia, akaanza kunyata uani kama mwizi wa kuku. Akapita kwenye maboga. Akapita kwenye mchicha. Akaja nyuma ya choo, kwenye maua ya mipapai.

"Dada," alinong'ona, "usitikisike."

Sikuzani akaganda, simu sikioni.

"Kuna mmoja begani kwako."

"Sitaki!"

"Nakuomba. Maisha yangu yako kwenye bega lako." Akasogea hatua moja. "Wewe ni wa nyumba hii?"

"Naosha vyombo," alisema Sikuzani, na hapo hakudanganya.

"Huyo bibi harusi yukoje?"

"Mbaya."

"Haina shida." Hatua nyingine.

"Anakoroma."

"Sikio langu moja halisikii, nitalalia hilo zima."

"Ana hasira. Alishawahi kumwagia mtu uji."

"Wa moto?"

"Wa moto."

Mashaka akafikiri kidogo. "Wa mtama au wa mahindi?"

Pa! Kisahani kikafunika kikombe. Ndani yake kitu kikaanza kuvuma. Mashaka akakimbilia uani, kikombe juu kama kombe la mpira.

"Mmoja! Nimepata mmoja!"

Makofi yakapigwa. Nyuki wa bega lake mwenyewe, ndiye anayemwoza! Sikuzani akarudi kwenye simu.

"Mudathir, upo?"

"Nipo. Uji gani huo?"

"Weka mabano. Fungua kabla ya Mzenga, funga baada ya Chole. Mzenga au Chole viwe mzigo mmoja, halafu nyuki, halafu mke."

"Nimeweka."

"Nisomee kabla hujabonyeza."

Akamsomea. Sikuzani akasikiliza kila neno, kama anayesikiliza maji kama yameanza kuchemka. Hapo sasa, hakuna atakayepita wa Mzenga asiye na nyuki. Mabano yamekaa. "Bonyeza."

"Sufuri."

"Sufuri vipi?"

"Hata mmoja. Wale mia na kumi na tatu wametoka wote, na huyu Zaidi wako hayumo. Au kaoa?"

Sikuzani akaangalia vidole vya miguu. Msomaji, hapa kuna jambo ambalo hata sisi alituficha kwa wiki nane nzima.

"Mudathir," alisema, "fungua fomu yake. Angalia sehemu ya mke."

"Tupu. Haina ndiyo, haina hapana."

"Nilifuta mimi."

"Ulifanyaje?"

"Kila mwanamke aliyekuja ofisini anataka mwanamume asiye na mke, nikiuliza mashine, jina la Zaidi linatokea juu. Wiki moja wamekuja wanne! Mmoja ana gari! Basi siku moja jioni nikafungua fomu yake nikafuta lile neno hapana. Nikaacha patupu. Mashine ukiiambia ilete walioandika hapana, aliyenyamaza inamruka. Haimsemi ana mke, haimsemi hana. Inampita kama haimwoni."

Kibaha, Mudathir akaanza kucheka mpaka simu ikakwaruza.

"Dada Siku! Miezi mitano mama mwenye ofisi anasema huyu kijana hana nyota! Kamfukizia mpaka ubani hapa mezani!"

"Mudathir."

"Umewaficha wenzako, na wewe mwenyewe ukakosa kumwona!"

"Mudathir, saa sita imepita. Kuna mtu hapa anawinda nyuki wa pili."

"Haya, haya. Nirudishe lile hapana?"

"Mimi ndiye niliyelifuta, mimi ndiye nitakayelirudisha, kwa ruhusa yake. Kwa sasa uliza hivi: Mzenga au Chole, kwenye mabano. AND nyuki. AND, fungua mabano tena, mke hapana OR pako tupu, funga mabano. Usisahau hayo ya pili, Mudathir, la sivyo utaniletea kila aliyeacha patupu hadi Mlandizi."

"Umeiva, sista." Vidole vikalia. "Wawili."

"Wawili?"

"Wa kwanza Zaidi, Chole, nyuki, tupu. Wa pili anajiita Kijana wa Asali. Kajiandikisha kwa simu mwezi uliopita. Chole, mizinga sita, miaka thelathini na tisa, ya mke kaiacha tupu mwenyewe."

"Huyo simjui. Mtumie Zaidi peke yake."

"Nimeshatuma kwa wote, ofisi ndivyo ilivyoagizwa, kila aliyetimiza... Ngoja! Kajibu!"

"Nani?"

"Zaidi! Yuko Kisarawe mjini, kapeleka asali sokoni. Anasema barua anayo kwenye mfuko wa koti tangu Ramadhani, alikuwa anangoja kuitwa. Anampakia ami yake kwenye pikipiki sasa hivi."

Tangu Ramadhani! Sikuzani akaiweka simu kifuani. Mwanamume kakaa na barua miezi yote hiyo, anangoja mashine imwite, na mashine ilizibwa macho na mkono wake yeye. Alitaka kulia, alitaka kucheka. Akachagua kukimbia. Akapita uani kichwa chini, kabeba birika asiulizwe swali, akaenda kusimama karibu na mama yake pembeni ya mkeka, aone atakayeingia kwanza, nyuki au Zaidi.

Mashaka alikuwa juu ya paa la banda la kuku.

"Yuko hapa!" alisema kwa sauti ya chini. "Amekaa kwenye bati! Jamani mtu asikohoe!"

Washenga mia na kumi na tatu wakaziba midomo. Hata Bi. Mwanahalima aliacha kutafuna.

Na kwenye kimya hicho, simu ya Mzee Kitwana ikalia. Ti-ting!

Ilikuwa mkekani, karibu na goti lake. Mzee alikuwa ameshika mzinga kwa mikono yote miwili, mfuniko umefunguliwa nusu, nyuki wa kwanza asitoke.

"Mama Sikuzani," alisema bila kugeuka, "nisomee huo ujumbe. Huenda kuna mgeni kapotea njia."

Mama yake Sikuzani akafuta mikono kwenye khanga, akaokota simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Ndugu Kijana wa Asali, wa Chole. Umetimiza masharti yote. Unaalikwa kuleta mshenga wako leo, kabla ya adhana ya adhuhuri, nyumbani kwa Mzee Kitwana, Msimbu, kumposa binti yake, Sikuzani."

"Wamekosea namba," alisema Mzee Kitwana.

"Chole," alisema mama, bado anaangalia simu. "Mizinga yako kule shamba la marehemu mama yako ni mingapi, baba Sikuzani?"

"Michache."

"Ni sita. Ninaipaka nta mimi."

"Ni mchezo tu wa simu, mke wangu. Vijana pale sokoni walinishawishi, wakasema weka jina lolote..."

"Na umri wowote," alisema Bi. Mwanahalima, na akajisogeza kando kidogo, ampishe mwenzake nafasi mkekani.

Juu ya banda bati likalia pa! "Wawili!" Mashaka alipiga kelele, kikombe juu, uso umevimba shavu moja. "Mzee, fungua mzinga! Nyuki wawili!"

Hakuna aliyemtazama. Msikitini kipaza sauti kikakohoa, mwadhini akakijaribu kwa kidole, tuk, tuk. Na nje ya ua pikipiki moja ikafunga breki, vumbi likaingia getini kabla ya watu wake.

Mama yake Sikuzani hakugeuka kuangalia. Akaiweka simu chini taratibu. Akafungua khanga ya kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu, fundo mbele. Kisha akavua ndara zake, akapanda mkekani, akakaa uso kwa uso na mumewe, pale pale panapokaa mzazi anayepokea barua.

"Haya, Kijana wa Asali," alisema. "Mshenga wako umemwacha wapi?"